Dalali wa Upande Mmoja

Alikuwa akivua viatu kabla ya kuingia nyumba yoyote inayouzwa, hata ile ambayo mbuzi walikwisha kuigeuza zizi. Aliviacha kizingitini, akaingia na soksi zake za kahawia, na kabla hajasema neno aliinama akaweka kiganja ukutani, chini kabisa, karibu na sakafu. Alikuwa anatafuta unyevu. Akiinuka na kujifuta kiganja kwenye suruali, mwenye nyumba alijua kwamba bei yake imeshuka, ingawa hakuna aliyekuwa ametamka bei.

Sisi watu wa Ujiji tulimwita Dalali. Jina alikuwa nalo, na msikitini walilitumia, lakini mtaani lilikuwa limemezwa na kazi. Ukimwambia dereva wa bodaboda akupeleke kwa Dalali, hakuuliza dalali gani, japokuwa mji ulikuwa umejaa madalali.

Sikuwahi kumsikia akisema nyumba ni nzuri. Alisema, "Hii inalaza watu," au, "Hii haina usingizi," na wateja walikuwa wanamwelewa. Wateja wake aliwatembeza kwa miguu kutoka barabara kuu, hata jua likiwa kali, kwa sababu alisema mtu anayefika kwa pikipiki haoni mtaro, hamwoni jirani na hajui choo kiko umbali gani. Madalali vijana walipoanza kuja na simu kubwa, wakipiga picha za vyumba na kuziwekea muziki, yeye alisimama uani akawasubiri wamalize. Simu yake ilikuwa ile ndogo yenye tochi, na aliongea nayo kwa sauti kana kwamba mtu wa upande wa pili yuko ng'ambo ya ziwa.

Nisimpake rangi ya utakatifu. Kulikuwa na nyumba moja jirani na mashine ya kusaga, na kila mteja aliyetaka kuiona alipelekwa Ijumaa mchana, mashine ikiwa imezimwa na mwenyewe yuko msikitini. Nyumba zenye paa bovu aliziuza kiangazi. Mwenye nyumba akiwa na haraka, Dalali alimwambia kabisa asimwambie mteja kwamba ana haraka, na kama hawezi kujizuia basi aende sokoni, arudi mteja akiwa ameondoka. Nilimuuliza siku moja kuhusu ile mashine ya kusaga. Alisema kelele mtu huzoea, na aliyenunua ile nyumba amezaa humo watoto na wote wanalala. Alilisema hilo bila aibu yoyote.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko Gungu, lakini nyumba yetu, ile aliyoijenga marehemu baba, ilikuwa Ujiji, upande wa chini, karibu na maji. Nilipokuwa msichana, kati ya ukuta wetu wa nyuma na ziwa palikuwa na uwanja mpana wa mchanga ambapo akina mama walianika dagaa, kisha michikichi, kisha njia ya wavuvi, kisha ndipo maji. Halafu ziwa likaanza kupanda. Mwaka wa kwanza tulisema litarudi. Njia ya wavuvi ikapotea, michikichi ikabaki imesimama majini kama watu waliosahauliwa, na masika moja mama akaamka asubuhi akakuta sufuria zinaelea jikoni. Choo kilijaa, kikatitia. Mama yangu, mwanamke mwenye haya, akawa anabisha hodi kwa jirani kila anapotaka kujisaidia, na akapunguza kunywa maji ili asiende mara nyingi. Hilo ndilo lililonitesa kuliko sufuria.

Tulipata kiwanja Kidahwe, mwinuko mzuri, udongo mwekundu, na mwenye kiwanja alikubali kutusubiri. Lakini kukinunua ilitubidi kwanza tuuze nyumba, na kila mvua iliyonyesha ilikuwa inatuondolea kitu cha kuuza. Mama alikubali kwa shida. Akaniambia nimwite Dalali.

Alikuja, akavua viatu, akaweka kiganja ukutani, na safari hii hakujifuta. Alikataa chai. Alisema kuna jambo inabidi liwe wazi kabla hajanywa kitu cha nyumba hii. Akakaa kwenye mkeka, akanigeukia mimi kwa sababu mama alikuwa anatazama pembeni.

"Zuhura mwanangu, unajua mimi nitakuwa wa nani hapa?"

Nikamwambia yeye ni dalali. Akasema hilo si jibu. Yuko dalali wa mwenye nyumba, akasema, ambaye kazi yake ni kumtafutia bei na kumfunga mdomo asije akamwaga shida zake mbele ya mteja. Yuko dalali wa mnunuzi, ambaye kazi yake ni kuchokonoa kila kona ili bei ishuke. Halafu wako wale wengi wanaokula huku na huku, ambao kwao nyumba ikiuzwa leo imetosha, na atakayeumia, muuzaji au mnunuzi, ni shauri lake. Yeye angekuwa wetu. Hata soda ya mnunuzi hatainywa.

Akaendelea na wengine, taratibu, kama mtu anayetutambulisha kwa ukoo tutakakoolewa. Atakuja mthamini, akasema, na huyo hana upande. Atakachosema kitatuuma, na tusigombane naye, kwa maana anaitazama nyumba na hatutazami sisi. Atakuja mpima, ambaye anajua mipaka tu na haulizwi bei. Wakili awe wetu, tumtafute wenyewe, tusikubali kushirikiana wakili na mnunuzi hata kama tutaambiwa ni kupunguza usumbufu. Na mwenyekiti wa mtaa atashuhudia kwamba sisi ndio sisi, basi, wala tusimtwishe zaidi ya hapo. Mama alisikiliza yote. Mwisho akauliza kama watu wote hao wanahitajika ili mjane mmoja ahame. Dalali akasema wanahitajika ili mjane mmoja asirudi kulia.

Walikuja. Mthamini alikuwa dada mpole aliyepima vyumba vyote, kisha akaenda nyuma akasimama ukingoni mwa maji muda mrefu, mkono kiunoni. Aliporudi alimwamkia mama kwa mara ya pili, na hapo nikajua. Thamani aliyoiandika ilikuwa ya kiwanja kinachokufa. Mpima alizipata bikoni tatu, yale mawe ya mpaka, na ya nne akatuonyesha kwa kidole mle ziwani, mahali ambapo jirani yetu alikuwa anasuuza masufuria. Wakili alisema nyumba ni ya mirathi, kwa hiyo kaka zangu wawili walioko Dar es Salaam lazima waridhie. Wakaridhia upesi kuliko walivyowahi kupokea simu zetu.

Kilichobaki ni mnunuzi, na mnunuzi hakuja. Yaani walikuja, wakafika sebuleni, wakapenda mlango, wakapenda dari, kisha wakafungua dirisha la nyuma wakanyamaza. Wengine waliaga bila kukaa. Nilimpigia Dalali kila siku kutoka dukani, mguu ukiwa bado kwenye cherehani, naye kila siku aliniambia, "Bado, mwanangu." Nilipanga viroba vya mchanga nyuma ya jiko. Vilipoporomoka, nikapanga vingine. Nilianza kuota kiwanja cha Kidahwe, nikikiona kimepandwa mihogo ya mtu mwingine.

Kiangazi kilipofika maji yalirudi nyuma kidogo, hatua chache, yakaacha mstari wa kahawia ukutani unaofika kiunoni mwa mtu. Dalali mwenyewe ndiye aliyesema tupake chokaa. Alisimama akasimamia kazi, akaonyesha mahali ambapo mstari ulikuwa bado unachungulia, mafundi wakarudia. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu ya kilichofuata.

Alimleta mama mmoja kutoka Kasulu, mfanyabiashara wa maharage, mjane. Alikuwa ameuza shamba aliloachiwa na mumewe ili watoto wake wasome mjini. Alimsalimia mama yangu kwa Kiha, mwakeye, na mama akaitikia akatabasamu, nami nikaona tabasamu hilo nikahesabu kwamba Mungu ametusikia. Yule mama aliingia kila chumba. Alisimama kwenye dirisha la nyuma, na tofauti na wengine wote, akalipenda ziwa. Alisema hajawahi kuishi mahali penye upepo namna ile. Aligusa ukuta wenye chokaa mpya akasema tumeutunza vizuri. Akauliza wakili wetu ni nani, na kama tunaweza kwenda kwake kesho yake. Mama yangu alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kuchemsha chai.

Kisha akamgeukia Dalali. Pengine ni kwa sababu ya mvi zake, au kwa sababu alikuwa amesimama bila viatu.

"Baba, wewe ungewalaza watoto wako hapa?"

Nilimtazama Dalali, naye hakunitazama. Alitembea hadi kizingitini akaanza kuvaa viatu, mguu mmoja, kisha wa pili, na alipomaliza kufunga kamba akasema akiwa bado ameinama:

"Mama, mimi ni dalali wao. Si wako. Wewe hapa huna mtu. Kabla ya kwenda kwa wakili, tafuta mtu wako, au upite kwa majirani uwaulize masika yaliyopita yalikuwaje."

Yule mama hakuwa mjinga. Alitoka, akabisha hodi nyumba ya kulia, kisha ya kushoto. Nilimsikia akiongea Kiha na yule jirani aliyekuwa akimpa mama yangu choo chake. Hakurudi ndani. Alitupungia mkono akiwa njiani, kwa heshima, kama mtu anayeaga msiba.

Nilimkimbilia Dalali hadi barabarani, kanga ikinidondoka. Nikamwambia ametuuza. Akasema hajasema neno lolote juu ya nyumba yetu.

"Ulimwambia akaulize."

"Nilimwambia hana mtu. Alikuwa hana."

"Na sisi tulikuwa na nani?"

Hapo alisimama. Watu walikuwa wanapita na ndoo za samaki wa migebuka, wanatutazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilitaka anyamaze. Nikamwambia ndiyo, nilitaka anyamaze, na mama yangu alitaka anyamaze, na ndiyo kazi tuliyompa. Akasema alijua, ndiyo maana hakunitazama. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayarudia. Aliyapokea yote amesimama, hakujitetea, na nilipomaliza aliondoka kwa miguu kama kawaida yake.

Masika yaliyofuata jiko lilianguka. Mwenye kiwanja cha Kidahwe alitusubiri hadi akaona aibu kutusubiri, akamuuzia mwingine. Kaka zangu walisema tuwe na subira. Nikamchukua mama Gungu, nikamtandikia nyuma ya duka, kati ya cherehani na mafungu ya vitambaa, na hapo ndipo mwanamke aliyekuwa na vyumba vinne na ua wake alipoishi kilichobaki cha maisha yake. Hakulalamika. Mvua ikipiga bati aliniuliza kama nyumba bado imesimama, nikamjibu imesimama, hata pale ilipokuwa imebaki ukuta wa mbele na mlango. Alifariki akiwa anajua kwamba imesimama.

Dalali alikuja mazikoni. Alikaa nyuma ya wanaume wote, hakugusa chakula. Hakuna aliyemsogelea; habari ya yule mama wa Kasulu ilikuwa imezunguka, na wenye nyumba walikuwa wameacha kumwita. Nani anampa kazi dalali anayemwambia mteja akaulize? Nilipita karibu naye na sinia, nikampita.

Baadaye nikasikia macho yake yanazima. Sikwenda kumwona. Hadi siku alipomtuma jirani yake dukani kwangu na ombi kwamba nifike, tena asubuhi, tena nikiweza nisikatae.

Nilimkuta amekaa sebuleni kwake, upande wa juu wa Ujiji, nyumba ya zamani yenye mlango wa mninga na kuta nene. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akageuza uso mahali ambapo alidhani nimesimama, akakosea kidogo. Alieleza bila kuzunguka. Ni presha ya macho. Jicho moja limekwisha kwenda, na la pili daktari alimwambia linaweza kuokolewa likiwahiwa, kwa kusafiri hospitali kubwa nje ya mkoa. Alikuwa anaiuza nyumba. Mnunuzi atakuja saa hiyo, ameletwa na mmoja wa wale vijana wa simu kubwa. Alitaka mtu wa kumwambia anachokiona.

Nikamuuliza kwa nini mimi, mji mzima huu. Akasema wengine wote wanamwitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, naye hawaoni nyuso. Mimi peke yangu nilimkasirikia barabarani mchana kweupe.

Kisha akaniambia lililokuwa linamkaba. Ile nyumba hakuachiwa peke yake. Waliachiwa wawili, yeye na dada yake. Dada alifariki, watoto wake wakavuka ziwa kwenda Kalemie na hawajasikika tena. Kuwatafuta, kuwapata, kuwaleta kwa wakili, kungechukua muda mrefu kuliko jicho lilivyobakiza. Yule kijana alikuwa amemwambia asiwataje. Karatasi zina jina la baba yake Dalali tu, mwenyekiti wa mtaa ni mgeni, hakuna atakayeuliza.

"Na mimi nimekubali," akasema. Mikono yake ilikuwa magotini, na vidole vilikuwa vinapapasa kitambaa cha suruali. "Naogopa giza, Zuhura. Nilidhani sitaliogopa."

Nilikuwa nimekuja na hasira yangu ya miaka, nikawa sijui niiweke wapi.

Mnunuzi alikuja na yule kijana. Alikuwa mtu mzima, mfanyabiashara wa mawese, mtaratibu wa maneno. Nilimnong'oneza Dalali kwamba anatazama dari, sasa anafungua dirisha, sasa anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kijana alikuwa anasifia kila kitu mara mbili, mara moja akimtazama mnunuzi, mara moja akimtazama Dalali, na nikaona kwamba analipwa na wote wawili. Wakakubaliana bei haraka. Mnunuzi akasema yuko tayari siku hiyo hiyo. Akakaa kwenye kiti mbele ya Dalali, akaweka funguo zake za pikipiki mezani, akauliza swali la mwisho kwa sauti ya mtu anayetimiza desturi.

"Mzee, kuna mtu mwingine mwenye haki hapa?"

Kijana akacheka kidogo, akasema mzee yuko peke yake, kila mtu anajua. Mnunuzi hakumtazama. Alikuwa anamsubiri Dalali.

Dalali alifungua mdomo akaufunga. Nilitaka aseme hapana. Nakiri kwamba nilimwomba Mungu moyoni aseme hapana, kwa nguvu ile ile niliyoomba nayo kwetu, mama akiwa anainuka kwenda kuchemsha chai. Akageuka, si kwa mnunuzi, akageukia upande wangu.

"Upo?"

"Nipo, mzee."

Akavuta pumzi. Akasema kuna watoto wa dada yake, wako Kalemie, hajui kama wako hai, na nyumba ni yao nusu.

Mnunuzi akamshukuru. Alisimama akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema atazungumza na wakili wake, na kwamba wazee kama yeye wamebaki wachache. Akachukua funguo. Kijana akatoka kabla yake bila kuaga.

Tulisikia viatu vyao kwenye changarawe.

"Wamefika wapi?" akauliza.

"Kwenye kona."

"Wamesimama?"

"Wanaongea."

Akangoja. Nilitazama nje kwa niaba yake, nikawaona kijana anarusha mikono hewani na yule mfanyabiashara anatingisha kichwa kukataa, taratibu, huku akiwasha pikipiki. Kijana akapanda nyuma yake. Nikamwambia wameondoka. Kisha akaniomba nimsogezee kiti hadi mlangoni, huenda yule bwana atafikiri njiani akarudi.

Nikamsogezea, nikaleta stuli nikakaa kando yake. Tulikaa pale hadi adhana ya alasiri, uso wake ukiwa barabarani, na kila pikipiki iliyopita aliinua kichwa.